Moyo ukisimama Kisangani, nani anaongoza?

Hopitali za Tshopo zinakosa mashine nyingi, hilo kila mutu analijua. Lakini kuko kitu kingine kinakosekana, nacho hakiuzwi ngambo: mutu mumoja mwenye anajulikana mbele ya hatari kwamba yeye njo atatoa amri wakati moyo wa mugonjwa unasimama. Kwa jamaa za wachimbaji, swali hili linaanza mbali na muji, kwenye mulango wa shimo.

Kila mara tunapozungumuza juu ya hopitali zetu, maneno yanaishia kwenye mashine. Oksijeni hakuna, umeme wa SNEL umekatika tena, jenereta haina mafuta. Ni kweli, na wakubwa wanapaswa kujibu. Lakini tuweke mashine pembeni kidogo na tuulize jambo moja. Saa nane ya usiku, mugonjwa anaacha kupumua katika chumba cha irjansi. Wako pale infirmie wawili, dokta mumoja kijana mwenye kufanya staji, mutu wa usafi, na jamaa sita wa mugonjwa. Nani anaongoza?

Kama jibu ni "tutaona", mugonjwa huyo karibu amekwisha kufa. Moyo ukisimama, ubongo unaanza kuharibika kisha dakika ine ao tano tu. Kwa moyo wenye kutetemeka bila kusukuma damu, kila dakika inayopita bila masaji inapunguza bahati ya kupona kwa sehemu 7 hadi 10 kwa mia. Dakika tano za kutafuta ufunguo wa kabati, za kupigia mukubwa simu, za kubishana nani ashike nini: hizo ndizo maisha ya mutu. Hakuna mashine ya kununua yenye inaweza kurudisha dakika hizo.

Kazi ya mutu mwenye hashike kitu

Mwaka 1960, kule Baltimore katika Marekani, watafiti watatu wa hopitali ya Johns Hopkins, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, walionyesha kwamba mikono miwili ikikandamiza kifua inaweza kuzungusha damu wakati moyo umesimama. Mbele ya hapo, madokta walikuwa wanapasua kifua na kukamata moyo kwa mukono. Tangu siku hiyo, kazi ilitoka kwenye kisu ikaingia kwenye mikono ya kila mutu.

Lakini mikono mingi bila kichwa inagongana. Kwa hiyo wale wenye kufundisha kazi hii dunia nzima wanasisitiza neno moja: timu inapaswa kuwa na kiongozi mumoja, na kila mutu katika chumba amujue.

Kiongozi huyo anafanya nini? Anasimama upande wa miguu ya kitanda. Pale anaona kifua cha mugonjwa, sura yake, saa ya ukuta, na kila mukono unafanya nini. Kama kuko wengine wa kushika, yeye hashike. Wachimbaji wanaelewa jambo hili bila kufundishwa: wakati mutu ameshuka chini na kamba, yule mwenye anasimama juu na kuangalia kamba hachimbe. Akianza kuchimba na yeye, hakuna tena mwenye anaona.

Kisha anagawa kazi. Wa kwanza anafanya masaji ya moyo: katikati ya kifua, kushuka sentimeta 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kuacha kifua kirudi juu kila mara. Wa pili anangojea zamu, juu kisha dakika mbili hata kijana mwenye kubeba mufuko wa muchanga kila siku anachoka bila kujijua, na masaji yake inakuwa ya bure. Wa tatu anashika Ambu na kuingiza hewa. Wa ine anatafuta mushipa na kutayarisha dawa. Wa tano anashika saa na kalamu, anaandika kila kitu na saa yake. Wa sita anasimama na jamaa.

Na namna ya kusema iko na maana. "Mutu alete adrenalini!" ni amri yenye haina mwenyewe: watu watano wanaisikia, kila mumoja anafikiri mwingine ataleta. Kiongozi mwenye anajua kazi anasema: "Mama Anna, adrenalini, miligramu 1." Mama Anna anarudilia: "Adrenalini, miligramu 1." Akimaliza anasema: "Imeingia." Mwenye kalamu anaandika saa. Dawa hiyo inarudiliwa kila dakika 3 hadi 5, na bila mwenye kuandika, hakuna mutu atakumbuka kama ilikuwa ya pili ao ya ine. Kila dakika mbili timu inasimamisha masaji ili kuangalia, lakini kusimama huko kusipite sekunde 10. Kiongozi njo anahesabu kwa sauti.

Hakuna kitu katika maneno haya chenye kinaomba milioni. Kinaomba saa ya ukuta, kalamu, Ambu moja safi, kabati yenye haifungwe na ufunguo wa mutu mwenye kulala kwake, na mazoezi.

Mutoto wa Kinshasa aliyerudi kisha dakika 78

Wapenzi wa mupira wanakumbuka Marc-Vivien Foé. Tarehe 26 mwezi wa 6, 2003, kule Lyon, Cameroun ilicheza na Colombia. Foé, miaka 28, alianguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mutu. Walimutoa, wakajaribu kumurudisha, akafa. Afrika nzima iliona kwa televizyo.

Miaka tisa kisha, tarehe 17 mwezi wa 3, 2012, Fabrice Muamba, mutoto aliyezaliwa Kinshasa na kukomalia Uingereza, alianguka vilevile kwenye uwanja wa Tottenham, London, akiwa na Bolton. Alikuwa na miaka 23. Wanganga wa timu mbili walimufikia mara moja. Kati ya watazamaji alikuwamo dokta wa moyo, Andrew Deaner, mwenye alikuja tu kuangalia mupira. Alishuka, akaingia uwanjani kusaidia. Muamba alipigwa umeme wa defibrilateri mara 15. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Leo Muamba yuko muzima. Hakurudi kucheza, lakini yuko muzima.

Mutu atasema: kule walikuwa na mashine. Ndiyo, na bila mashine hiyo asingepona. Lakini mashine ilimupiga mara 15 tu. Katikati ya mara hizo, kwa zaidi ya saa moja, uwanjani, ndani ya gari na katika hopitali, ni mikono ya watu njo ilikuwa moyo wake. Mikono hiyo haikuachana, juu kila mumoja alijua zamu yake, na wale wenye walimupeleka walichagua hopitali ya moyo hata kama haikuwa ya karibu zaidi. Huo ni uongozi.

Tuseme ukweli wote: hata kule, wengi wanakufa. Katika hopitali za Marekani, kati ya watu wanne wenye moyo umesimama mbele ya wanganga, karibu mumoja tu anatoka hopitali akiwa muzima. Mutu mwenye anawaahidi ajabu anawadanganya. Lakini mumoja kati ya wanne ni baba ya watoto. Na kuko watu ambao mioyo yao ilisimama kwa sababu ya kitu chenye kinaweza kuondolewa: hewa ilikosa, damu iliisha, maji ya mwili iliisha. Wagonjwa wa namna hiyo njo wengi kwetu. Mwaka 2025 kolera ilipiga Tshopo. Mugonjwa wa kolera hafi kwa moyo mubaya. Anakufa kwa kukosa maji, na maji inarudishwa kwa mushipa.

Kwa hiyo kazi ya pili ya kiongozi, wakati mikono ya wengine inasukuma, ni kuuliza kwa sauti: kwa nini moyo huu umesimama? Hewa? Damu? Sumu? Potasiamu imepanda? Kifua kimejaa hewa yenye kufinya moyo? Timu yenye inasukuma bila kuuliza swali hilo inasukuma gari yenye haina mafuta.

Usiku, nani mukubwa?

Hapa tunagusa kidonda. Katika nchi yetu, mazoea ni kungojea mukubwa. Infirmie anangojea dokta wa zamu, dokta kijana anangojea dokta wa zamani. Kwa mambo mengi ni heshima, na heshima ni nzuri. Kwa moyo wenye umesimama, heshima ya namna hiyo inaua.

Infirmie mwenye miaka ishirini ya kazi katika irjansi anajua kuongoza dakika kumi za kwanza kupita dokta mwenye amemaliza masomo mwaka jana. Lakini anaogopa. Akitoa amri na mugonjwa afe, kesho wataandika jina lake. Akingojea na mugonjwa afe, hakuna mutu atamuuliza kitu. Mupango wetu, vile uko, unamulipa mwenye anangojea.

Hilo linaweza kubadilishwa bila franka hata moja. Mukubwa wa hopitali aandike na kutia muhuri: kila zamu inapoanza, asubui na jioni, jina la kiongozi wa reanimasyo linaandikwa kwenye ubao. Awe dokta ao infirmie, mwanamuke ao mwanaume. Yeye anaongoza tangu dakika ya kwanza. Dokta mukubwa akifika, anauliza kwanza "imefika wapi?", kisha anasema wazi "sasa ninaongoza mimi" ao "endelea wewe, mimi nitakusaidia". Kitu chenye hakikubaliwe ni wakubwa wawili wenye kutoa amri pamoja. Na kama timu imefuata mupango, jina la infirmie lisiwe jina la kutafuta mukosaji.

Kisha kila tukio, hata saa kumi ya usiku, timu isimame dakika tano na kujiuliza: nini ilienda vizuri, nini ilichelewa, kitu gani kilikosa kwenye kabati? Bila matusi. Hivyo njo timu inajifunza. Kisangani iko na Kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu, UNIKIS, na iko na ISTM yenye kufundisha infirmie. Mazoezi ya dakika kumi na tano kila juma, hata na mufuko wa nguo mahali pa kifua, inaweza kufanywa katika hopitali kubwa za Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo na Lubunga bila kungojea mufadhili.

Na faida haiishie kwenye moyo wenye umesimama. Wagonjwa wengi wenye moyo unasimama ndani ya hopitali walionyesha dalili masaa mengi mbele: pumzi ya haraka, tensio yenye kushuka, mutu mwenye anaanza kuchanganya maneno. Timu yenye mazoezi inaona dalili hizo na inaita kiongozi saa mbili ya jioni, haingojee saa nane ya usiku. Reanimasyo yenye nguvu zaidi ni ile yenye haikufika kufanywa.

Kilometa 128 na moyo wenye haungojee

Sasa tutoke mujini, juu wasomaji wengi wa ukurasa huu hawalale Makiso. Wako kwenye karieri za zahabu na almasi, upande wa Banalia, Bafwasende, Ubundu. Kutoka Kisangani mupaka Banalia ni kilometa 128. Bafwasende inapita kilometa 250. Barabara tunazijua wakati wa mvua. Hata ndani ya muji, mutu wa Lubunga mwenye anapelekwa upande wa kuume anapaswa kuvuka muto, na daraja hakuna.

Tuseme bila kuzunguka: muchimbaji mwenye moyo wake umesimama Bafwasende hawezi kurudishwa Kisangani. Mukimupakia kwenye moto katikati ya watu wawili, hakuna mwenye anamufanyia masaji, na kisha robo saa munabeba maiti. Atarudishwa pale alipoanguka, ao hatarudi. Hopitali inakuja kisha, kwa yule mwenye amerudi kupumua. Kwa hiyo kila karieri inapaswa na yenyewe kuwa na kiongozi.

Kujua ni rahisi. Mutu haitike mukimutikisa na kumuita. Hapumue, ao anavuta pumzi moja moja kama samaki juu ya muchanga. Pumzi hiyo ya samaki si pumzi. Inadanganya watu wengi, wanasema "bado anapumua", wanangojea. Munapaswa kuanza: mutu chini kwenye ardhi ngumu, mikono katikati ya kifua, kusukuma kwa nguvu na haraka, kubadilishana kila dakika mbili. Kwa yule mwenye alizama mutoni, mwenye alifunikwa na udongo ao mwenye alikosa hewa, ongezeni pumzi mudomo kwa mudomo: kusukuma mara 30, pumzi 2. Kwa hao, ugonjwa ni kukosa hewa, na masaji peke yake haitoshi.

Kuko mambo manne yenye kila PDG na kila mukubwa wa timu ya shimo anapaswa kujua.

Ya kwanza ni moshi wa motopompi. Gazi yake yenye kuua haina harufu. Motopompi ikiwekwa ndani ya shimo, mutu wa chini analala polepole. Ndugu yake anashuka kumutafuta, na yeye analala. Wa tatu anashuka. Karieri nyingi zinajua hadisi ya namna hiyo. Kiongozi ni yule mwenye anasimama mulangoni na kusema hapana: hakuna mutu anashuka mupaka hewa imeingizwa na mwenye kushuka amefungwa kamba. Kumukataza mutu asimufuate ndugu yake ni amri ngumu kupita zote. Ni amri yenye inaokoa watu wawili.

Ya pili ni radi. Mashariki ya Congo ni kati ya sehemu za dunia zenye kupigwa na radi zaidi, na mutu mwenye koleo kwenye eneo wazi ni muti wenye kutembea. Katika ajali zingine, wakati watu wengi wameumia, wenye hawapumue tena wanaachwa ili kusaidia wenye bado wanapumua. Kwa radi kanuni inageuka: anzeni na wenye wananyamaza na hawapumue. Mwenye kulia baada ya radi, mara nyingi ataishi. Mwenye hapumue anaweza kurudi kama munampa pumzi na masaji mara moja, juu moyo wake mara nyingi haukuwa na ugonjwa.

Ya tatu ni jiwe lenye limekaa juu ya miguu kwa masaa mengi. Watu wanafurahi kuliondoa, mutu anasema na wao, kisha anakufa mikononi mwao, na watu wanatafuta mulozi. Si mulozi. Nyama ya miguu iliyofinywa inatoa potasiamu, na jiwe likiondoka, potasiamu hiyo inapanda na damu mupaka kwenye moyo. Kama kuko infirmie karibu, aitwe mbele ya kuondoa jiwe, aanzishe maji ya mushipa kwanza. Kama hayuko, na udongo unaweza kuanguka tena, mutoeni. Lakini andikeni masaa: lilikaa tangu saa ngapi mupaka saa ngapi.

Ya ine ni mupangilio wakati wa kuchimbua. Mwezi wa 3, 2023, katika Kivu ya Kusini, dunia iliona video ya mugodi wa zahabu ulioanguka: mutu mumoja anakwangua udongo kwa koleo, kisha kwa mikono, na wachimbaji tisa wanatoka wazima, mumoja mumoja, kama wanazaliwa. Watu walipiga makelele ya furaha, na ni haki. Lakini angalieni vizuri: udongo juu yake ulikuwa unaendelea kuteremuka, na kama watu makumi wangeingia pamoja kusaidia, wangeziba mulango wenyewe.

Semeni ukweli kwa munganga

Kuko shida moja yenye haizungumuzwe. Ajali ikitokea kwenye shimo lenye halina karatasi, watu wanaogopa. Wanafika hopitali wanasema: "alianguka kwenye moto". Kiongozi wa timu anatafuta damu tumboni, kumbe ni gazi ya motopompi na alihitaji oksijeni nyingi tangu mulangoni. Anatafuta mufupa, kumbe ni jiwe la masaa sita na anapaswa kufikiri potasiamu.

Munganga si polisi. Kazi yake si kuuliza karatasi za shimo. Mwenye kumusindikiza mugonjwa abebe mambo matatu kichwani: nini ilitokea kweli, saa ngapi, na nini mulifanya mbele ya kufika. Maneno hayo matatu inaweza kuwa na faida kupita dawa ya kwanza. Na wakubwa wa hopitali watangaze wazi, kwa redio za muji, kwamba mugonjwa hataulizwa shimo lake lilikuwa la nani. Bila imani hiyo, timu nzuri zaidi inafanya kazi na macho imefungwa.

Banalia imekwisha kutufundisha

Mwaka 2021, kwenye eneo la wachimbaji katika Banalia, watu walianza kufa kwa homa na shingo ngumu. Tarehe 8 mwezi wa 9, wakati serikali ilitangaza kwamba ni menenjiti, hesabu ilikuwa watu 129 wamekufa kati ya 261 wenye kuzaniwa kuwa nayo. Karibu nusu. Kisha timu zilipelekwa, dawa ziligawiwa mupaka vijijini, watu walichanjwa, wagonjwa walitafutwa mapema, na kadiri ya wenye kufa ilishuka sana.

Hii haikuwa kazi ya reanimasyo, ni kweli, na dawa na chanjo zilitoka mbali. Lakini ilionyesha jambo: mutu wa karieri hakuwa na mwili wenye kufa kwa urahisi kupita mutu wa mujini. Alikuwa tu mbali na watu wenye kupangwa. Wakati mupango ulimufikia, alipona kama wengine. Swali ni kwa nini tungojee janga ili mupango ufike.

Nani afanye nini

Sheria ya migodi iliyobadilishwa mwaka 2018 inataka muchimbaji wa mikono awe ndani ya koperative. Watu wengi wanaona koperative kama mahali pa kulipa tu. Basi iwe pia mahali pa kudai. Kila koperative iombe SAEMAPE na zone ya afya yake wafundishe watu wawili kwa kila shimo kubwa: masaji ya moyo, kusimamisha damu, kamba na hewa. Ba PDG wananunua motopompi na mafuta kila juma. Kamba ya kuokoa, machela na Ambu moja havitawafilisi. Na kila asubui, mbele ya kushuka, jina lisemwe kwa sauti: leo, mutu akianguka, anaongoza fulani.

Divisheni ya afya ya jimbo iandike mupango mumoja kwa hopitali zote za Tshopo: ubao wa jina, kabati ya wazi, mazoezi ya kila juma. Na iseme wazi juu ya kosyo. Familia inaombwa franka mulangoni wakati mugonjwa hapumue, kisha tunashangaa watu wanachelewa kuja. Sheria ya nchi inaazibu mutu mwenye anaacha kumusaidia mwenzake katika hatari ya kufa. Masaji ya moyo haiwezi kungojea risiti. Malipo yana saa yake, na saa hiyo inakuja kisha.

Ba motari wa njia ya Banalia na ba toleka wa muji nao wafundishwe, juu wao njo ambulansi yetu ya kweli.

Neno la kusimama

Kuongoza ni pia kujua kuacha. Inafika wakati kiongozi anaangalia saa na kuuliza wote: "Kuko mwenye anaona sababu yenye hatujatafuta?" Kila mumoja ajibu, hata mutu wa usafi kama ameona kitu. Kama hakuna, anatangaza saa, mikono inaondoka kwenye kifua, na kimya kinaingia.

Kisha anatoka yeye mwenyewe, hamutume mutoto wa staji. Anatafuta mahali pa kuketi pamoja na mama, na mwanamuke wa marehemu, na wakubwa wa familia. Hasemi "amechoka", hasemi "ngojeni kidogo". Anasema: "Amekufa. Tulijaribu hivi, na hivi, kwa dakika hizi." Familia yenye iliona timu ikifanya kazi na mupango, yenye ilikuwa na mutu wa kusimama karibu nayo tangu mwanzo, italia, lakini itajua kwamba mutu wao hakuachwa. Mahali pengi hasira yenye kuvunja madirisha ya hopitali haitoke kwa kifo chenyewe. Inatoka kwa kuona watu wakikimbia huku na huku bila mwenye kujua, kisha mulango unafungwa.

Mashine tuendelee kuzidai, kwa nguvu. Umeme tuudai. Lakini siku mashine zitafika, zitakuta nini? Zikikuta chumba chenye watu sita na hakuna kiongozi, zitakuwa samani. Swali la kuuliza hopitali yenu juma hili, na koperative yenu, na PDG wa shimo lenu, ni fupi na jibu lake lapaswa kuwa jina la mutu: leo, moyo ukisimama hapa, nani anaongoza?